Zulia Kulowa na Uvungu Kuoza: Namna ya Kutafuta Chanzo katika Gari la Spoti la Zamani

Gari la spoti la zamani lilitengenezwa liwe jepesi na la chini, na sifa hizo mbili ndizo zinazoliponza uzeeni. Kwa kuwa liko chini, uvungu wake hukwaruzwa na kila tuta na kila jiwe. Kwa kuwa ni jepesi, bati lake ni jembamba, na kazi ya kubeba mzigo imeachiwa maboriti machache yaliyo matupu ndani, ambamo maji yakishaingia hayaonekani tena. Juu yake kuna paa la turubai au la kutolewa, lenye maungio mengi kuliko paa la gari la kawaida. Maji yanayolowesha zulia na kutu inayokula sakafu ni kesi moja yenye pande mbili, na anayeshughulikia upande mmoja tu hujikuta akiirudia kazi ileile baada ya msimu mmoja wa mvua.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuziba kabla ya kutafuta. Maji huingia mahali pamoja, hufuata waya, ukingo wa bati au mkunjo wa zulia, kisha hutuama mahali pengine kabisa. Lita moja iliyonyesha juu ya kioo cha mbele inaweza kuonekana kama dimbwi chini ya kiti cha nyuma. Kwa hiyo pale palipolowa ni mwisho wa safari ya maji, na kazi yako ni kuifuata safari hiyo kinyumenyume.

Kwanza tambua ni maji gani

Kabla ya kufungua chochote, bonyeza kitambaa cheupe kwenye zulia, kitazame na kukinusa. Maji ya mvua huacha alama ya tope na mistari ya rangi ya chai pale yanapokauka. Maji ya redieta yana harufu tamutamu, yananata kidogo kati ya vidole, na kwa kawaida huambatana na ukungu wenye mafuta unaong'ang'ania upande wa ndani wa kioo cha mbele. Hapo chanzo ni redieta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi, au mipira yake, na hakuna haja ya kuhangaika na milango. Maji safi, yasiyo na harufu, yanayotokea upande mmoja wa mbele baada ya kutumia kipoza hewa siku ya joto, ni umande wa kipoza hewa ambao ulipaswa kudondoka nje kupitia kibomba chake kidogo, na kibomba hicho kimeziba. Majimaji yanayoteremka kwenye mkono wa pedali ya klachi au ya breki na kubabua rangi ya bati ni mafuta ya breki, na hilo ni suala la usalama ambalo halingoji. Harufu ya petroli ikisikika, zima kila kitu, usitumie taa ya waya wala cheche yoyote, na uishughulikie hiyo kabla ya mengine yote.

Niliwahi kutumia siku mbili kupaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele cha gari ambalo zulia lake lilikuwa linalowa upande wa abiria. Lilikuwa linalowa hata katika wiki ambazo hazikunyesha, na jambo hilo peke yake lilitosha kunieleza kwamba kioo hakikuwa na hatia. Kibomba cha kipoza hewa kilikuwa kimejaa uchafu, nacho kilizibuliwa kwa dakika tano.

Kisha uliza linalowa lini

Wakati wa kulowa hupunguza orodha ya washukiwa kuliko kifaa chochote. Gari likilowa likiwa limeegeshwa kwenye mvua, tafuta juu: paa, vioo, milango, chemba iliyo chini ya kioo cha mbele. Likibaki kavu likiegeshwa lakini likalowa linapoendeshwa barabarani kwenye madimbwi, tafuta chini na ndani ya madigadi: vizibo vya sakafu vilivyopotea, matundu ya kutu, maungio yaliyoachia nyuma ya magurudumu. Likilowa tu linapoegeshwa kwenye mteremko, kuna mfereji au tundu la kutolea maji ambalo hufanya kazi gari likiwa sawa na kushindwa likiinama. Na ikiwa maji humwagika miguuni unapofunga breki au kukata kona, au unasikia mlio wa kuchalaza kama wa dumu lililojaa nusu, basi maji yamehifadhiwa ndani ya boriti ya kizingiti, yaani kile kisanduku kirefu cha bati kinachopita chini ya mlango, au ndani ya mlango wenyewe. Dalili hii ya mwisho ni mbaya kuliko zote, kwa sababu inakuambia kwamba chuma kinachobeba gari kimekuwa kikiloana kutoka ndani kwa muda usiojulikana.

Zulia la mbele limelowa

Mshukiwa wa kwanza ni chemba ya hewa iliyo chini ya kioo cha mbele, mbele ya dashibodi. Maji ya mvua yanaruhusiwa kuingia humo kupitia matundu ya boneti na yanapaswa kutoka pembeni kwa mabomba madogo. Majani yakishaoza na kuwa matope, mabomba huziba, maji hupanda, na yakifikia mdomo wa feni ya hita huingia ndani. Mimina lita moja au mbili za maji polepole kwenye matundu hayo: ndani ya muda mfupi yanapaswa kutoka chini ya gari, kwa kawaida nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakichelewa, yakitoka upande mmoja tu, au feni ikianza kutoa mlio wa kukwaruza baada ya mvua, umepata pa kuanzia. Toa matope kwa mkono na kwa kifyonza vumbi kwanza, kwani kuyasukuma kwa maji yenye nguvu huyakandamiza zaidi ndani ya kona usizozifikia.

Mshukiwa wa pili ni mlango, na hapa wengi hupotea kwa kudhani kwamba mlango haupaswi kuwa na maji ndani. Maji huteremka kwenye kioo cha dirisha, huingia ndani ya mlango na kutoka kupitia matundu yaliyo kwenye ukingo wake wa chini, ndivyo ulivyokusudiwa. Kinachoyazuia yasiingie chumbani ni karatasi ya plastiki iliyogandishwa nyuma ya pambo la mlango. Fundi wa redio au wa dirisha akiichana, au gundi yake ikikauka, maji huvuka na kuteremka nyuma ya pambo hadi kwenye zulia. Ushahidi wake ni pambo lililovimba au kuwa na madoa upande wa chini, huku mpira wa mlango ukiwa mkavu. Dawa yake ni plastiki nzima iliyogandishwa kwa gundi laini isiyokauka, na ukingo wake wa chini uelekezwe ndani ya mlango ili maji yarudi yalikotoka. Matundu ya chini ya mlango yazibuliwe, wala yasizibwe kamwe.

Kioo cha mbele ni mshukiwa wa tatu, na hukumu yake huwa nzito. Mpira wa zamani hukakamaa na kupasuka kwenye kona za chini, maji hukaa chini yake, na kutu hula fremu ya kioo bila kuonekana. Katika Corvette za kizazi cha pili na cha tatu, yaani zile za kuanzia 1963 hadi 1982, bodi ni ya faibaglasi lakini kuna kiunzi cha chuma kinachozunguka chumba cha abiria. Bodi hubaki inang'aa ilhali kiunzi kilicho chini ya kioo kimekwisha. Ukiona rangi imetoa malengelenge kandokando ya kioo, usipake kitu juu yake, kwani njia ya kweli ni kukitoa kioo na kuitazama fremu.

Waliobaki ni wadogo lakini wajanja: vizibo vya mpira ambapo nyaya hupita kutoka kwenye injini kuingia chumbani, hasa pale mtu alipotoboa tundu lake mwenyewe kwa ajili ya kengele au redio, pamoja na maungio ya mabati yaliyopasuka silanti, yaani ile gundi ya kuziba maungio.

Nyuma ya viti na ndani ya buti

Katika magari ya paa la turubai, maji yanayoteremka nyuma ya paa hukusanywa na mfereji uliofichwa nyuma ya viti, kisha hushushwa na mabomba mawili hadi chini ya gari. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, ni mfano unaojulikana sana: mabomba yake hupita nyuma ya milango, na yakiziba mfereji hufurika, zulia la nyuma hulowa, na maji hutafuta njia ya kuingia kwenye maboriti ya vizingiti, ambayo huoza kuanzia mwisho wake wa nyuma, karibu na gurudumu. Zibua kwa kamba laini ya nailoni au upepo wa nguvu ndogo. Waya mgumu hutoboa bomba, na bomba lililotobolewa humwaga maji yote ndani ya bodi, jambo ambalo ni baya kuliko kuziba. Kagua pia mpira wa mfereji na kamba ya turubai iliyoungwa kwenye bodi. Turubai lililosinyaa huvuta ukingo wake na kuacha mwanya.

Paa la kutolewa huvuja kwenye kona, pale mpira wa paa unapokutana na mpira wa dirisha. Weka kipande cha karatasi katikati ya mipira, funga, kisha kivute: kikitoka bila ukinzani, mpira haukandamizi. Mara nyingi kurekebisha bawaba au mkao wa kioo hutosha, na ni vyema kujaribu hilo kabla ya kununua mipira mipya ambayo kwa magari ya umri huu hupatikana kwa shida.

Buti huloweshwa na mipira ya taa za nyuma iliyokakamaa, kitako cha antena, mpira wa kifuniko, vitundu vya kutolea hewa vilivyofichwa nyuma ya bampa, na maungio yaliyofunguka gari lilipogongwa nyuma. Mwanya unaopitisha maji hupitisha pia moshi wa ekzosi. Kwa hiyo buti lililolowa pamoja na harufu ya moshi chumbani ni sababu ya kuacha kuliendesha gari hadi mwanya upatikane, maana gesi yenye sumu iliyomo katika moshi huo haina harufu.

Jaribio la maji

Ondoa zulia, sifongo la chini yake na mapambo yanayozuia macho. Kausha bati kabisa, kisha paka chaki kavu au tandaza karatasi nyembamba pale unaposhuku, ili njia ya maji iache alama. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine ashike mpira wa kumwagilia ukitoa maji ya kutiririka tu, bila presha, kwa sababu maji ya presha hupenya hata pale ambapo mvua isingepenya na hivyo hukuletea ushahidi wa uongo. Anza chini kabisa ya mlango, kaa hapo kama dakika tano, kisha panda hatua kwa hatua hadi paa. Ukianzia juu utalowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua ni wapi palipovuja kwanza. Maji yakionekana, acha, kausha, rudia palepale. Uvujaji mmoja uliothibitishwa mara mbili una thamani kuliko mitano ya kubahatisha, na magari haya huwa na zaidi ya mmoja, kwa hiyo usifunge jaribio baada ya kuupata wa kwanza.

Uvunguni

Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Egesha kwenye sakafu ngumu na tambarare, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua, kisha lishushe gari juu ya stendi zilizowekwa kwenye sehemu imara na ulitikise kabla ya kuingia. Tahadhari hii ina uzito zaidi hapa, kwa kuwa sehemu rasmi ya kuwekea jeki inaweza kuwa ndiyo iliyooza. Ikiwa bati linalia, linabonyea au linamwaga chembe za kutu jeki inapoanza kubeba, teremsha mara moja: umeshapata jibu la kwanza la ukaguzi.

Tenganisha historia mbili, ya kugongwa na ya kuoza. Mkwaruzo mpya hung'aa, wa zamani una kutu au umefunikwa na vumbi la miaka. Boriti nyembamba zinazopita chini ya sakafu, ambazo katika MX-5 hubonyezwa na jeki zilizowekwa ovyo, zinaweza kuwa bapa kwa urefu wote bila gari kupoteza mstari wake. Hilo ni la kuudhi tu, mradi bati halijapasuka na haligandamizi paipu. Alama iliyo mahali pa kufungia mikono ya magurudumu ni jambo jingine. Hapo tazama kama rangi imepasuka mistari mistari, kama bati limejikunja, kama bolti imeacha alama ya kuhama. Fuata paipu za breki na za mafuta kwa macho na kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kwani paipu iliyobanwa au iliyochubuka na kutu hupasuka siku breki inapokanyagwa kwa nguvu. Tangi lililobonyea, sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) iliyokwaruzwa, ekzosi lililogandamizwa: yatazame, yaandike, endelea.

Ukishuku kwamba gari limepinda, chukua utepe na upime kimshazari, kutoka tundu la mbele kushoto hadi tundu linalolingana nalo la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana waziwazi, au tairi zikiliwa upande mmoja, au usukani ukikaa kombo barabara ikiwa nyoofu, gari linahitaji kupimwa kwenye meza ya kunyooshea bodi kabla ya kutumia fedha yoyote kwenye rangi.

Kwa kutu, sikio hufanya kazi kabla ya jicho. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: bati zima hutoa mlio mkavu na mkali, lililooza hutoa mlio mzito kama wa kadibodi, na lililojazwa puti, yaani ule ujazo unaopakwa kusawazisha bati kabla ya rangi, halitoi mlio wa chuma kabisa. Sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa chembamba itakuonyesha puti ilipo, isipokuwa kwenye alumini na faibaglasi, ambako haina msaada. Kisha sukuma kwa kitu butu. Kutu ya juujuu husuguliwa na kubaki chuma kizima. Kutu ya magamba imeshapunguza unene. Na ile inayopenya ukisukuma imemaliza kazi yake. Uwe na shaka na lami nyeusi nene iliyopakwa karibuni. Ikiwa imevimba au inabanduka kama gome, maji yako chini yake, na aliyeipaka alikuwa anaficha au alikuwa hajui.

Malengelenge ya rangi upande wa chini wa kizingiti husomwa vibaya na wanunuzi wengi. Yanaonekana madogo, nao husema ni rangi tu. Kwa kawaida ni kutu iliyoanzia ndani na kutokeza nje, na eneo lililoharibika nyuma yake ni kubwa kuliko lengelenge lenyewe. Pitisha kamera ndogo ya waya kupitia tundu la kutolea maji utazame kwa ndani kabla ya kukubali bei.

Uzito wa kutu hutegemea mahali. Tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya sakafu ni kazi ya siku moja. Tundu lilelile penye kufungia mkanda, kiti, usukani au mkono wa gurudumu huliondoa gari barabarani. Wakaguzi wa Uingereza hutumia kipimo cha sentimita 30 kuzunguka sehemu hizo, na nimekiona kuwa kipimo cha busara hata pasipo sheria. Umbo la gari nalo huamua. MGB, iliyoanza kuuzwa 1962, haina fremu ya kujitegemea, na maboriti yake ya vizingiti ndiyo yanayolizuia gari la paa wazi lisikunjike katikati. Lotus Elan ya mwaka huohuo ina uti wa mgongo wa chuma chini ya bodi ya faibaglasi, hivyo bodi yake inaweza kuwa safi huku uti umeoza kwenye nguzo za mbele. Datsun 240Z ina bodi ya kujibeba, na boriti zake za chini, sakafu na kibao cha betri ni sehemu za kutazama kwanza.

Kwa gari lolote la paa wazi kuna jaribio moja rahisi: likiwa chini, tazama mwanya kati ya mlango na nguzo ya nyuma, liinue taratibu kwa upande mmoja, kisha tazama tena na ujaribu kuufungua mlango. Mwanya ukifumba au mlango ukigoma, maboriti ya pembeni hayabebi tena.

Mpangilio wa kutengeneza

Zuia maji kwanza, kausha, tengeneza chuma, kisha kinga. Kupindua mpangilio huu ndiko kunakofanya bati jipya lioze ndani ya miaka michache. Sifongo la chini ya zulia hushika maji kwa wiki nyingi hata zulia likiwa limekauka juu, kwa hiyo litolewe lote nje ya gari. Fungua soketi za nyaya zilizo karibu na sakafu. Rangi ya kijani kwenye pini ni kutu ya shaba, na hueleza taa zinazowaka zenyewe na injini inayokataa kuwaka asubuhi. Kabla ya kuchomelea, toa betri, ondoa tangi la mafuta kama liko karibu, na kwa gari la paa wazi funga vyuma vya kushikilia kati ya nguzo za mlango kabla ya kukata kizingiti, la sivyo gari litajikunja na mlango hautarudi mahali pake daima. Kipande kipya kiungwe kwenye chuma kizima. Kukibandika juu ya kilichooza ni kuifungia kutu mlango kwa nje.

Silikoni yenye harufu ya siki isikaribie bati tupu, kwa kuwa asidi inayotoka inapokauka hula chuma. Tumia silanti ya maungio ya magari. Ndani ya maboriti nyunyizia nta maalumu kupitia matundu yaliyopo, halafu hakikisha kwa waya laini kwamba matundu yenyewe yamebaki wazi. Lami ya uvungu ipakwe juu ya rangi nzima iliyokauka, au isipakwe.

Zulia lisirudishwe siku hiyohiyo. Liendeshe gari likiwa na sakafu tupu katika mvua mbili au tatu nzito, na ulaze karatasi kavu chini ya dashibodi, nyuma ya viti na ndani ya buti kila jioni. Karatasi zikitoka kavu asubuhi zote hizo, ndipo uanze kurudisha sifongo.